Roboti yenye sura ya mtu kwa mzee: uliza kwanza itafanya kazi gani

Mkuu, umeuliza kama mama yako mwenye miaka 80 atakubali kukaa na roboti yenye uso na mikono kama ya binadamu. Nimehudumia wazee kwenye makao yao kwa muda, na roboti ya namna hiyo tuliletewa.

Kwenye mazoezi ya viungo, sura ya mtu ilisaidia sana. Ikiinua mkono, nao wanainua. Wengine walikuwa wanaisalimia asubuhi kabla yetu sisi (iliuma kidogo, nisiseme uongo). Lakini ikiingia chumbani, mambo yanageuka. Mzee mmoja kila akitaka kubadili nguo aliifunika kichwa kwa taulo. Tukamwambia, mzee wetu, hiyo haioni aibu. Akajibu, "Yenyewe haioni. Mimi naona."

Wajapani hili walishalijua. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, aliandika mwaka 1970 kwamba mashine ikikaribia mno kufanana na mtu, watu huanza kuiogopa. Roboti Robear ya taasisi ya utafiti ya RIKEN, iliyoonyeshwa mwaka 2015, ilitengenezwa kumnyanyua mgonjwa kitandani, na wakaipa uso wa dubu. Paro, roboti ambayo imeingia kwenye makao ya wazee nchi nyingi, ina umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) mwenye manyoya. Haiongei hata neno moja.

Na hapo kwenye kuongea ndipo penye matatizo kuliko hata sura. Roboti nyingi hupewa sauti nyembamba ya kitoto, wakati masikio ya uzeeni hupoteza sauti nyembamba kwanza. Mzee hasikii, anajibu ndivyo sivyo, halafu tunasema eti hataki teknolojia! Yetu pia ilikuwa na tabia ya kupongeza: "Hongera, umekunywa maji!" Bibi mmoja akaikata jicho: "Nimelea wajukuu, leo napongezwa kwa kunywa maji?" Fundi alipoondoa hizo hongera na kuishusha sauti iwe nzito, yule yule bibi akaanza kuiuliza saa ya dawa.

Kwa hiyo usimnunulie kimya kimya ukampelekea kama zawadi. Mwulize anataka msaada wa nini. Kama ina kamera, mweleze wazi ni nani ataona picha. Na swichi ya kuizima aonyeshwe yeye, siku ile ile ya kwanza, aizime mwenyewe mbele yako.