Kombo ya besi kwa bendi ndogo: mjue kwanza mpiga dramu wako, wati baadaye

Mkuu, umeeleza tatizo lako vizuri kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Una kombo (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) ya wati 40 yenye spika moja ya inchi 10. Umejiunga na bendi yenye dramu, magita mawili, kinanda na waimbaji wawili, mnapiga baa na harusi ndogo, na kila wimbo ukifika kwenye sebene besi yako inapotea. Unauliza ununue wati ngapi. Wadau hapo juu wamekutajia kuanzia 100 mpaka 1000, na huenda kila mmoja yuko sahihi kwa kumbi anazopigia yeye. Mimi nimepiga besi miaka mingi hapa Dar, kwenye baa za Sinza na Kinondoni, hoteli za ufukweni na kanisani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona huko.

Kwa wenye haraka: kama mpiga dramu wenu anatumia fimbo za kawaida na haogopi kuzitumia, anzia wati 300, na ukiweza ifike 500. Spika ziwe mbili za inchi 10 au moja nzuri ya 15. Nyuma kuwe na tundu la kuongezea spika ya nje na tundu la kutolea laini kwenda kwenye miksa. Chini ya hapo utakuwa unapiga kwa kudra.

Nimemtanguliza mpiga dramu kwa makusudi. Huyo ndiye kipimo cha jukwaa lote, kwa sababu ala yake haina kitufe cha volyumu. Akishika kasi, gita la solo linapanda kumfuata, rizimu naye hakubali kuachwa, kinanda kinaongezwa, waimbaji wanaanza kumwashiria fundi mitambo awapandishie sauti, na wewe uliyekuwa chini tangu mwanzo ndiye unayefutika. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kombo gani, mimi namuuliza anapiga na nani. Ukipiga hotelini wakati wa chakula cha jioni, na mwenzako wa dramu ana kahoni (boksi la mbao la kupiga kwa mikono) au anatumia brashi, wati 100 zinatosha na zinabaki. Kanisani ambako dramu zimewekewa kizuizi cha plastiki, 150 hadi 200 zinakufikisha. Lakini mpiga dramu wa dansi anayechapa snea mwanzo hadi mwisho wa sebene, hapo tunazungumzia 300 kwenda juu, tena mkiwa ndani ya kuta.

Usijipime na mpiga solo wenu. Yeye anaweza kuwa na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ya wati 30 na akakuzika wewe mwenye 100. Uzi wako wa chini kabisa, E, unatetema mara 41 kwa sekunde, na ukiwa na besi ya nyuzi tano ile B ni kama mara 31. Sikio la binadamu ni zito sana huko chini, na spika nayo inalazimika kusukuma hewa nyingi ili sauti hiyo itoke. Gita linafanya kazi mahali ambapo sikio ni jepesi, ndiyo maana halihitaji nguvu nyingi.

Sasa hesabu za wati, ambazo wauzaji wengi hawazisemi. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Utazisikia, lakini mtu aliyekaa kaunta hatageuka. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu kwa sikio unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo ukitoka 40 ukaenda 100, kama ulivyoshauriwa na mdau mmoja, umepata desibeli 4. Kwa bendi uliyoieleza hiyo ni pesa ya kununua mara mbili, maana baada ya muda utarudi dukani. Ukitoka 40 ukaenda 400 umepata desibeli 10, na hapo bendi nzima itajua kuna mpiga besi.

Na bado wati ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni spika, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Kila spika ina kiwango chake cha wepesi, kinachoandikwa kama desibeli ngapi inatoa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Kabineti (boksi la spika) yenye desibeli 100 ikipewa wati 250 inalingana na yenye 97 iliyopewa wati 500. Soma hilo kabla hujavutiwa na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Na kama namba hiyo kubwa imeandikiwa neno la "kilele", igawe kwa mbili kabla hujaanza kufikiri, maana wati za kilele ni za muda mfupi mno na wewe unapiga kwa saa nne.

Faida kubwa iko kwenye kabineti ya pili. Ukiongeza kabineti inayofanana na ya kwanza, unapata desibeli 3 kwa sababu eneo la spika limeongezeka. Juu ya hizo, amplifaya nyingi za transista (zisizo na valvu) zinatoa nguvu zaidi zikikutana na omu 4 kuliko omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), na kabineti mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Mfano ni Fender Rumble 500: ikiwa peke yake na spika zake mbili za inchi 10 inatoa wati 350, ukiichomekea kabineti ya nje ya omu 8 inafika 500. Ndiyo maana nasisitiza lile tundu la nyuma. Unanunua kombo leo, ukipata harusi kubwa mwakani unaongeza kabineti badala ya kuuza na kuanza upya. Ila usizidishe. Kabineti tatu za omu 8 zinashuka chini ya omu 3, na amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 4 haitakusamehe. Na waya wa kwenda kwenye spika uwe waya wa spika kweli, usichukue ule wa gita kwa sababu ncha zinafanana. Ule ni mwembamba, unapata moto.

Kuhusu uzito: Ampeg walipotoa SVT mwaka 1969, ilikuwa wati 300 za valvu, hedi (amplifaya isiyo na spika) peke yake inakaribia kilo 40, na chini yake kabineti ya spika nane za inchi 10. Ilitengenezwa kwa majukwaa makubwa ambako besi ilibidi ijitegemee. Siku hizi amplifaya za klasi D, yaani za transista zilizo nyepesi, zimeleta hedi za wati 500 zisizofika kilo 3, na ile Rumble niliyoitaja, kombo nzima, haifiki kilo 17. Naijali hii kwa sababu usafiri wangu wa usiku ni bajaji. Kombo ya zamani ya kilo 35 inakufanya umtegemee mwenye gari kila wiki, na mwenye gari naye anataka kukaa mpaka baa ifungwe.

Utasikia watu wakisema wati za valvu ni kubwa kuliko za transista. Wati ni wati. Tofauti ni kwamba valvu ikizidiwa inanenepa polepole na sikio linaifurahia, transista ikizidiwa inakwaruza. Kwa hiyo ukinunua klasi D, nunua yenye akiba, usiifikishe mwisho.

Mdau aliyesema "bila inchi 15 hakuna besi" simkatalii sana, ila ukubwa wa spika hauamui peke yake kina cha sauti. Boksi lenyewe na jinsi spika ilivyotengenezwa vinaamua zaidi. Zipo spika mbili za inchi 10 zinazoshuka chini kuliko moja ya inchi 15 ya bei rahisi. Kwa dansi na rhumba mimi naegemea hizo mbili za inchi 10, kwa sababu tunapiga besi yenye kuruka ruka na kuuma, na mwanzo wa noti unatakiwa usikike. Kwa rege ningefikiri upya.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linawapoteza wapiga besi wengi kuliko upungufu wa wati: kuset sauti chumbani. Ukiwa peke yako nyumbani unapenda besi juu, trebo juu, sauti za kati chini. Inavutia kweli. Ukipanda nayo jukwaani unatoweka, kwa sababu ile besi ya chini kabisa imemezwa na kiki (dramu kubwa ya mguu), na sauti za kati ambazo zingekutambulisha umezizima mwenyewe. Halafu unazungusha kitufe cha besi zaidi. Ukikipandisha desibeli 6 umeidai amplifaya nguvu mara nne kwenye eneo hilo, inaishiwa, inaanza kukwaruza, na unaondoka ukisema wati hazitoshi. Anza vitufe vyote katikati. Ukiwa hujisikii, ongeza kati ya 200 na 800 Hz (mitetemo kwa sekunde), na punguza kidogo kule chini. Kama kombo ina kichujio cha sauti za chini kabisa, kata chini ya 35 Hz hivi, hakuna atakayelalamika na spika itapumua.

Zungumza pia na mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ukicheza besi wakati na wewe unacheza besi, hakuna kombo ya bei yoyote itakayosafisha matope hayo. Mwambie kistaarabu, nje ya mazoezi, siyo mbele ya watu.

Ukumbi. Baa zetu nyingi ni za wazi, makuti juu na pembeni hakuna kitu. Ndani ya ukumbi wenye kuta, sauti za chini zinagonga na kukurudia, ukiweka kombo karibu na ukuta inaongezeka, kwenye kona inaongezeka zaidi mpaka inavuma. Nje hakuna kinachokurudishia. Inamwagika kama maji mchangani. Wati 300 zilizokutosha ndani zitakuaibisha ufukweni, na hata 500 kwenye uwanja wa wazi zinafaa kukusikilizisha wewe na mpiga dramu tu. Huko lazima besi yako ipitie pia kwenye mitambo ya ukumbi, yaani miksa na spika za kusikilizisha watu.

Kuingia kwenye mitambo nako kuna swali moja la kumuuliza mwenye ukumbi kwa simu kabla ya siku: mna sabu (spika kubwa za sauti za chini)? Kama wana spika mbili za inchi 15 kwenye stendi na basi, zikibebeshwa besi sauti za waimbaji zitazama, na lawama utabeba wewe. Hapo tegemea kombo yako, na kwenye mitambo peleka kidogo tu cha kusaidia uwazi. Kama kuna sabu za kweli, toa laini ya XLR (waya wa ncha tatu, kama wa maikrofoni) kutoka kwenye kombo, chagua itoke kabla ya vitufe vyako vya sauti, ili ukibadilisha chochote jukwaani usimvurugie fundi. Katika hali hiyo kombo kubwa haina kazi, wati 100 mpaka 200 za kujisikia zinatosha kabisa.

Iinue. Kombo ikikaa chini inapigia suruali yako, wewe husikii kitu, unaongeza, na meza ya mbele wanaziba masikio. Kreti la bia lililogeuzwa linatosha. Sauti ya chini itapungua kidogo ikiachana na sakafu, lakini utasikia noti unazopiga, na hilo kwa mpiga besi lina thamani zaidi.

Ukienda kutafuta vya mtumba, geuza kombo usome volti kabla ya kuuliza bei. Vitu vingi vinatoka Japani ambako umeme ni volti 100, na vya Marekani ni 120. Hapa ni 230. Nyingine zina swichi ya kuhamisha, nyingine zinapokea zote, nyingine zitatoa moshi ndani ya sekunde. Transfoma inawezekana, ila iwe kubwa kuliko mahitaji ya amplifaya, na ujue umeongeza mzigo kwenye bajaji. Jenereta za kumbi zinapandisha na kushusha volti, kwa hiyo beba kifaa cha kulinda umeme. Chukua cha televisheni. Cha friji kimetengenezwa kuchelewa dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, na hizo dakika wimbo utaendelea bila besi.

Dukani nenda na gita lako, siyo la muuzaji. Weka vitufe katikati, pandisha volyumu mpaka pale utakapoitumia kazini, piga E ya wazi kwa nguvu na uiache ife. Sikiliza kama boksi linatetema au spika inakwaruza. Kisha panda juu kwenye uzi wa G, piga mistari ya sebene, usikie kama kila noti inatoka sawa. Muuzaji akikukataza kupandisha sauti, hujaijaribu hiyo kombo.

Ile ya wati 40 usiiuze, haitakupa hela ya maana na mazoezi ya nyumbani bado yapo. Kama ina tundu la laini unaweza hata kuitumia kesho kwenye ukumbi wenye sabu, ikiwa karibu na sikio lako juu ya kreti. Tuambie kumbi zenu mbili tatu za kawaida ni za ndani au za wazi, na bajeti ni kiasi gani, wadau wa Kariakoo wakutajie kilichopo sokoni sasa hivi.