Mjomba Viktor katokea wapi?

Msomaji anatafsiri habari za ukoo wa von Weizsäcker wa Ujerumani. Kaandika "Richard, mjukuu wa pili wa Carl Heinrich, na mjomba wake Viktor", mhariri kamkatia "mjukuu wa pili" kaweka "kitukuu". Anauliza nani yuko sahihi.

Mhariri. Hesabu tu: Carl Heinrich mwanateolojia (1822–1899) kamzaa Karl aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Württemberg, Karl kamzaa Ernst mwanadiplomasia, Ernst kamzaa Richard aliyekuwa rais wa Ujerumani 1984 mpaka 1994. Mtoto, mjukuu, kitukuu, imeisha. Mjukuu wa pili ni yule aliyemfuata wa kwanza kuzaliwa. Na Ernst Ulrich, mtoto wa Carl Friedrich yule mwanafizikia kaka yake Richard, ni kilembwe.

Sasa huyo mhariri kaona sisimizi kaacha tembo apite. Mjomba! Mjomba wa wapi jamani? Viktor, daktari, kazaliwa 1886, ni mdogo wake Ernst wa 1882, baba yao mmoja. Kwa Richard huyo ni baba mdogo, watu wa Pwani mnasema ami. Mjomba wa Richard nenda kamtafute kwa kina von Graevenitz, kwao mama yake Marianne. Yaani umemtoa Viktor upande wa baba ukamfanya kaka wa Marianne, shemeji yake mwenyewe, halafu Richard anakuwa mpwa wa Viktor, mpwa! Kwetu kwa mjomba unaenda kudeka, kwa baba mdogo unanyooshwa kama kwa baba, na siku ya mahari kila mmoja anajua anakaa wapi, ukiwachanganya pale utatolewa nje.

Najua inakotoka. Umekuta neno la Kijerumani Onkel ukaona ni mjomba basi. Wajerumani wenyewe zamani walikuwa na Oheim, kaka wa mama, wakaja wakachukua Onkel kwa Wafaransa, na mzizi wake wa Kilatini, avunculus, ulikuwa kaka wa mama vilevile, sasa wanamwita hivyo yeyote. Wao limewapotea, sisi tunalo mkononi tunalitupa.

Anko sawa, nimeshachoka kugombana nalo, halina upande, hata muuza chipsi ni anko. Andika "anko Viktor" nitanuna kidogo nipite. Hilo la mjomba lifute leo leo.