Nataka kuacha nipa, ila naogopa kujulikana kikundini

*Shangazi, nina miaka 41, fundi seremala hapa Masasi. Nakunywa nipa, pombe kali ya mabibo, kila siku. Asubuhi nisipozimua mikono inatetemeka, randa haishikiki. Nasikia kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Vinapatikana wapi? Mimi Muislamu, wengine wananiambia ni mambo ya kanisani. Tena mji wenyewe mdogo, nitajulikana. Na pesa za korosho ndiyo hizo zinakuja, najijua. Fundi, Masasi.*

Fundi, pole, na ahsante kwa kusema wazi habari ya mikono, maana hiyo inabadilisha mpangilio wote. Kwanza hospitali, kikundi baadaye. Mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa ghafla unaweza kuangusha mtu kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Kwa hiyo usile kiapo usiku wa leo kwamba kesho hugusi.

Nenda hospitali ya Mkomaindo hapo Masasi. Mwambie daktari unakunywa kiasi gani kwa siku, umekunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama umewahi kuanguka. Usipunguze hesabu kwa aibu, kwa sababu dawa ya kutuliza mwili hupimwa kwa hesabu hiyo hiyo. Ulizia na vitamini B1. Wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na ubongo ndio unaoumia.

Ukiwa hapo hapo, muulize mhudumu wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii kama wanajua kikundi kinachokutana, au mtu mwingine anayeacha pombe ambaye angependa mwenzake. Ukikosa Masasi, uliza hospitali ya Ndanda au ya Ligula, Mtwara.

Vikundi ulivyosikia huenda ni vya Alcoholics Anonymous, watu hufupisha AA. Vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Ada hakuna. Bakuli la mchango hupitishwa, na asiye nacho hulipitisha kwa mwenzake. Unajitaja jina la kwanza tu, na siku ya kwanza unaruhusiwa kusikiliza bila kusema neno.

Kanisa? Mara nyingi ni ukumbi tu, kwa kuwa unapatikana kwa bei nafuu. Hatua zao 12 za kuacha pombe zinamtaja Mungu, kila mtu kwa namna anavyomwelewa yeye. Vipo vikao vinavyofungwa kwa sala ya Kikristo. Ikifika hapo nyamaza, au soma dua yako moyoni.

Kujulikana nako, tuseme ukweli: wanaokuona ukitoka kilabuni saa 4 asubuhi ni wengi kuliko watakaokuona ukiingia kikaoni.

Ukikosa kikundi cha karibu, vipo vikao vya mtandaoni kupitia Zoom. Kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana, maana linaweza kuonyesha majina yako yote mawili. Zima kamera, zima maikrofoni, vaa spika za masikioni. Angalia saa vizuri: 7:00 PM ya Nairobi ni saa 1 usiku kwetu, lakini tangazo likiandika UTC, ongeza saa 3. Wengi hukosa kikao cha kwanza kwa hesabu hiyo, wakadhani wametapeliwa.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: kwa utaratibu wa AA, watu 2 au 3 wanaokutana ili wakae bila pombe tayari ni kikundi. Mkipatana na huyo wa hospitalini, karakana yako jioni inatosha, isipokuwa kama iko jirani na kilabu. Chagueni siku moja ya wiki na saa ile ile, dakika 60. Kila mmoja aseme yake bila kukatizwa, na asiyeombwa ushauri asiutoe. Msikopeshane hata mia, maana mwenye deni ataanza kukwepa kikao, na nyie mko wawili tu. Ukishampata mtu aliyekaa miaka bila pombe, mwombe akuongoze kwenye hatua. Mwanaume kwa mwanaume.

Sasa korosho. Msimu huo mabibo, matunda ya mkorosho, yamejaa; uraka (maji yake yaliyokamuliwa) na nipa viko kila kona, na mfukoni una pesa. Usidanganywe kwamba uraka ni juisi. Ukishachacha ni pombe. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yaingie benki, si kwenye simu, na mtu mmoja unayemwamini ajue tarehe. Siku hiyo tembea na nauli tu, na jioni yake uwe kikaoni, hata kama ni cha kwenye simu. Usisubiri hamu ikushike ndipo utafute namba ya mwenzako wa kikundi. Iweke juu kabisa kwenye simu tangu asubuhi.

Ukiteleza, rudi kikao kinachofuata, useme siku zako zimeanza upya. Hakuna faini. Ila kama umekunywa siku kadhaa mfululizo na mtetemeko umerudi, pitia kwanza Mkomaindo.