Maswali ya Boti: Propela, Betri na Spika

*Nimenunua boti Mombasa, injini ya farasi 60. Kule iliruka juu ya maji, hapa inajikokota. Fundi anasema nichukue injini kubwa zaidi. (Entebbe)*

Mwambie fundi asubiri. Ziwa Victoria liko zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, hata ikiwa mpya. Propela uliyokuja nayo ilichaguliwa kwa ajili ya pwani, huku inailemea injini. Pakia mzigo wako wa kawaida, fungulia mafuta mpaka mwisho, usome mizunguko ya injini kwa dakika. Kitabu cha injini kikisema 5,000 hadi 6,000 nawe umekwama 4,600, tafuta propela yenye pichi ndogo, yaani ile ambayo kila ikizunguka mara moja husonga mbele umbali mfupi zaidi. Ukipunguza inchi moja, mizunguko hupanda kama 150 hadi 200. Kwako naona inchi tatu.

Ukiwa umeinama hapo, angalia vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye injini ili viliwe na kutu vyenyewe badala yake. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, hujifunika utando, ikalala, kisha aluminiamu ya injini ndiyo inayoanza kuliwa. Weka vya magnesiamu.

*Nina betri moja. Nikitia nanga jioni tukasikiliza muziki, injini haiwaki tena. Nifunge sola? (Jinja)*

Sola itakuja, betri ya pili kwanza. Betri ya kuwashia injini imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache. Muziki wa saa nne unaiua polepole. Ya pili iwe ya kuvumilia, kama zile za sola za nyumbani, na hata hiyo usiishushe chini ya nusu. Weka swichi ya kuzitenganisha, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi.

Kitu kimoja tu kisipite kwenye swichi kuu: pampu ya kutoa maji, ile yenye boya la kujiwasha. Ipe waya wake moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake. Mimi ya kwangu niliipitisha kwenye swichi, nikazima kila kitu kama mtu mwangalifu, nikaenda kulala. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi viti vilikuwa vinaelea, na pampu nzima, mpya, iko chini ya maji haijafanya kazi hata dakika moja.

*Kifaa cha kutafutia samaki: kuna cha bei na kuna cha bei mbaya. Nataka mputa (sangara). (Kalangala)*

Chukua kile cha bei ya chini. Ziwa letu lina kina cha wastani cha meta 40 hivi, na mawimbi ya sauti ya masafa ya kilohezi 200 yanafika chini bila shida. Mitambo ya masafa ya chini ni ya bahari kuu. Kwenye menyu chagua maji baridi. Kihisio, kile kinachotuma sauti majini, kifunge nyuma ya boti, mbali na mapovu ya propela, la sivyo utakuwa unavua mapovu.

*Nimezungushia boti taa za buluu, inapendeza sana usiku. Kuna ubaya? (Gaba)*

Zizime ukianza kutembea. Usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi wa mukene (dagaa), nawe unahitaji mwenzako ajue unaelekea wapi: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe juu inayoonekana pande zote. Buluu haimwambii kitu.

*Mke wangu anataka majaketi ya kuokolea, mimi nataka spika kubwa. Tuamulie. (Masaka)*

Shemeji ameshinda. Ya watoto yanunuliwe kwa uzito wa mtoto, yawe na mkanda wa kupita katikati ya miguu; bila huo mtoto akiingia majini jaketi hupanda usoni. Ukibakiwa na hela, nunua spika zako, ila zifunge mbali na dira. Zina sumaku. Boti ikiwa imefungwa gatini, sogeza spika karibu na dira uone sindano inavyogeuka, kisha irudishe nyuma mpaka sindano itulie. Hapo ndipo pa kutoboa.