Sanduku langu latembea bila magurudumu. Litaenda angani?

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi. Nimeunda sanduku la bati, ndani nikatia mota ya cherehani na chuma cha kilo mbili kinachoteleza juu ya reli. Mota hukipeleka chuma mbele polepole, kisha springi hukivuta nyuma ghafla. Sanduku halina magurudumu wala halitupi kitu nje, lakini huvuka karakana lenyewe! Mbona vyombo vya anga za juu visiendeshwe hivi, bila mafuta? Shemeji asema nikimbie KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi, nikaombe hataza kabla sijaibiwa. – Fundi, Kariobangi

JIBU: Fundi, sina shaka kwamba sanduku linatembea. Ila linalolisukuma ni sakafu.

Litazame kwa makini likifanya kazi. Chuma kinapokwenda mbele polepole, sanduku hutaka kurudi nyuma, lakini msukumo huo ni mdogo na msuguano wa saruji unalishika. Springi ikifyatuka, msukumo unaushinda msuguano, nalo sanduku linachupa mbele. Simu inayotetemeka mezani hutambaa hivyo hivyo mpaka ianguke.

Sasa iondoe sakafu. Tuseme sanduku bila chuma ni kilo 8. Chuma chako cha kilo 2 kikisogea sentimita 40 mbele, sanduku litarudi sentimita 10 nyuma, maana 2 mara 40 ni sawa na 8 mara 10. Ukikirudisha chuma, na sanduku linarudi pale pale lilipoanzia. Ukirudishe taratibu au kwa kishindo, ni mamoja. Momenta, yaani tungamo mara kasi, ilianza ikiwa sifuri kwa vyote viwili pamoja, na hakuna kitu cha nje cha kuibadilisha. Newton alikwisha kuliandika jambo hili mwaka 1687.

Ukitaka liondoke lisirudi, kiache chuma kitoke. Kikiruka nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, sanduku litakwenda mbele mita 1 kwa sekunde. Hapo umeunda roketi, na roketi lazima ibebe cha kutupa. Hata Dawn, chombo cha NASA kilichorushwa 2007 kikiwa na injini za umeme, kilibeba takriban kilo 425 za gesi ya xenoni za kutupa nyuma.

Shemeji mwambie atulie. Mmarekani Norman Dean alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1959, na hadi leo hakuna chombo kinachoendeshwa nayo. Kabla hujalipa ada yoyote, lining'inize sanduku kwa kamba ndefu kutoka kwenye mbao za paa, uweke alama chini yake, uwashe mota. Likiwa na msukumo wa kweli, litakaa limeegemea upande mmoja wa alama muda wote mota inapozunguka. Likiyumba tu huku na huku juu ya alama, basi jibu unalo. Usilipime kwa mizani ya jikoni, mtikisiko huichanganya.

Kuna jambo moja ambalo uzito wa ndani unaliweza kweli: kugeuza chombo. Darubini ya Hubble hugeukia nyota kwa kuzungusha magurudumu mazito yaliyomo ndani yake, kwa umeme wa jua tu, bila kutupa chochote. Dawn nayo ilikuwa na magurudumu hayo, yakaharibika, ikabidi igeuzwe kwa vijiroketi vya haidrazini, aina ya mafuta ya roketi. Haidrazini ilipokwisha mwaka 2018, safari ikaishia hapo.

Hili unaweza kulijaribu hapo hapo karakanani. Ng'oa springi, kisha funga kwenye mota sahani nzito ya chuma iliyolala, ulining'inize sanduku kwa kamba moja. Sahani ikianza kuzunguka kulia, sanduku litageuka kushoto.