Taa ya tairi inawaka asubuhi afu inazima yenyewe, ni sensa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nikiwasha gari asubuhi ile taa ya njano yenye alama ya mshangao inawaka, nikitembea kama dakika ishirini inazima. Matairi nikiyaangalia yako poa tu. Sensa imekufa?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Sensa yako ni nzima, upepo ndo umepungua. Usiku kukiwa na baridi upepo ndani ya tairi unashuka, kama PSI 1 (PSI ndo kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, afu ukitembea tairi linapata moto upepo unapanda tena na taa inazima. Sasa usifurahi ikizima, manake tairi lililojaa vizuri baridi ya usiku mmoja kwa kawaida hailifikishi huko, wewe tayari uko mpakani. Na huo mpaka uko chini sana, sheria ya Marekani kwa mfano inataka taa iwake upepo ukipungua asilimia 25, yaani gari linalotakiwa kujazwa PSI 32 linaweza lisikwambie kitu mpaka ufike 24 hivi! Tairi la 24 ukilitazama pembeni unaliona zima kabisa, hata mimi ninayeshika matairi kila siku macho yananidanganya, kwa hiyo nakuomba sana nunua geji. Pima asubuhi kabla hujatembea, jaza namba ya kwenye stika ya mlango wa dereva, sio ile ya ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha mwisho tairi linachobeba.

Sensa ikifa kweli taa inapepesa dakika moja hivi ukiwasha gari, afu ndo inatulia ikiwa imewaka. Sensa yenyewe inakaa ndani ya rimu kwenye valvu, kibetri chake kimezibwa humohumo, kinaenda miaka 5 mpaka 10, kikiisha unabadilisha sensa nzima.

Ila kuna magari hayana sensa ndani ya tairi, yanatumia zile za ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge), zinazopima mzunguko wa kila tairi, tairi likipungua upepo linakuwa dogo kidogo kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake na gari linashtuka. Yakipungua yote manne sawasawa inaweza isishtuke kabisa. Kama lako ni la hivyo, ukishajaza lazima useti upya, na jaza kwanza ndo useti, ukiseti upepo ukiwa mdogo gari linakariri huo mdogo kuwa ndo sahihi.