"Alipowarejeza" na "uwarejeze" katika Zaburi ya 126

SWALI: Zaburi ya 126 inaanza kwa kusema, "Bwana alipowarejeza mateka wa Sayuni", lakini mstari wa nne unaomba, "uwarejeze watu wetu waliofungwa, kama vijito vya Kusini". Je, mateka hao walikuwa wamekwisha kurudi, au wafasiri walichanganya nyakati?

JIBU: Nyakati hazikuchanganywa. Katika "alipowarejeza", kiambishi -li- kinaonyesha wakati uliopita na -po- kinataja pindi tendo lilipotokea, ilhali nafsi ya tatu inaonyesha kwamba msemaji anawasimulia wenzake habari za Mungu. Katika "uwarejeze", nafsi imegeuka kuwa ya pili na kitenzi kimeishia kwa -e ya kuomba, kwa maana sasa anayesemeshwa ni Mungu mwenyewe. Masimulizi yamekwisha, dua imeanza.

Historia ya uhamisho wa Wayahudi kwenda Babeli inaonyesha kwa nini kauli zote mbili zilihitajika. Yerusalemu, ndiyo Sayuni, ilitekwa na Nebukadneza, mfalme wa Babeli, mwaka 586 K.K., na baada ya Koreshi wa Uajemi kuitwaa Babeli mwaka 539 K.K., Wayahudi waliruhusiwa kurudi na kulijenga upya hekalu. Kitabu cha Ezra (2:64) kinataja mkutano wa watu 42,360 waliorudi, lakini wengine wengi walibaki ugenini, na ujenzi wenyewe ulipingwa na kusimamishwa kwa miaka kadhaa. Mtu aliyeishi katika hali hiyo angeweza kushukuru kwa marejeo yaliyokwisha kutokea na papo hapo kuyaombea yaliyosalia. Hata neno "waliofungwa" halipingani na ombi hilo, kwani -li- inaeleza walifungwa lini, wala haisemi kwamba wamefunguliwa.

Msomaji asidhani pia kwamba "mateka wa Sayuni" ni watu waliotekwa na Sayuni. Kiunganishi "wa" hapa kinaonyesha asili yao, si aliyewateka.

Linalopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni herufi kubwa katika "vijito vya Kusini". Kusini hii ni Negebu, nchi kame iliyo upande wa kusini wa Yuda, ambako vijito hukauka kabisa wakati wa kiangazi, kisha mvua ikinyesha hujaa maji kwa ghafula na kwenda kwa nguvu. Anayesoma "kusini" kama upande wa dira tu huikosa dua yenyewe, ambayo ni kwamba marejeo yaliyoanza kwa watu wachache yafurike kama makorongo hayo.

Ombi hilo linajibiwa katika mstari wa sita, nao unastahili kusomwa polepole. Mtu anakwenda akilia, "azichukuapo mbegu za kupanda", kisha "atarudi kwa kelele za furaha, aichukuapo miganda yake". Hapa -po haina -li-, kwa hiyo kuchukua kunakwenda sambamba na safari: anakwenda huku amebeba, anarudi huku amebeba. Kitenzi ni kilekile, na kilichobadilika ndani yake ni kiambishi cha mtendwa tu, -zi- ya mbegu ikiachia nafasi -i- ya miganda, huku "atarudi" ikitamkwa kwa -ta-, wakati ujao ambao mistari ya kwanza haikuwa nao.